Shajara ya gari la magurudumu sita: kulifufua au kuliacha

Jumamosi, 11 Januari 2025

Gari limefika leo mchana juu ya trela ya shemeji yangu, limefunikwa turubai na kufungwa kamba nne, huku theluji iliyopenya chini ya turubai ikiwa imetanda ndani yake kama unga kwenye sinia. Tulihitaji watu watatu kulisukuma hadi ndani ya gereji yangu hapa Kitchener, Ontario, kwa kuwa magurudumu mawili ya upande wa kulia yamekwama kabisa. Shemeji amelinunua kwa dola 400 za Kanada kwa mkulima mmoja wa kaskazini. Nia yake ni kulitumia katika kiwanja chake kilichoko Grey County, ambako theluthi ya ardhi ni kinamasi, na bwawa la samaki liko ng'ambo ya kinamasi hicho, mahali ambapo pikipiki ya magurudumu manne huzama hadi kwenye tangi la mafuta.

Kwa asiyepata kuliona gari la aina hii, alifikirie beseni kubwa la plastiki lenye magurudumu sita madogo, matatu kila upande, bila springi na bila usukani. Matairi yake ni manene na hujazwa upepo kidogo sana, paundi 2 au 3 tu kwa inchi ya mraba, na ulegevu huo ndio unaofanya kazi ya springi. Dereva hushika mikono miwili ya chuma: akiuvuta wa kushoto, magurudumu ya kushoto hukatiwa nguvu na kisha kufungwa breki, yale ya kulia yanaendelea, na gari linageuka papo hapo lilipo. Likiingia majini halina rafadha. Matairi yenyewe ndiyo makasia, na mwendo wake huko ni wa mtu anayetembea bila haraka. Magari haya yalishamiri Kanada na Marekani katika miaka ya 1960, wakati makampuni mengi madogo yalipojitosa kuyatengeneza. Gari la kwanza la chapa ya Argo lilitoka mwaka 1967, na watengenezaji wake wako New Hamburg, kama kilomita 20 tu magharibi ya hapa nilipo, na wangali wakifanya kazi hiyo. Wengi wa wenzao hawakudumu. Mwaka 1970 Honda ilileta Marekani pikipiki yake ya magurudumu matatu, na mtu aliyetaka kitu cha kupitia matope tu, bila haja ya kuelea, akapata njia rahisi zaidi. Hili letu limepoteza kibao cha kiwanda. Yamebaki matundu manne ya ribiti mahali kilipokuwa, kwa hiyo nitaliita gari na basi.

Shemeji alitaka tuanze na injini, nami nikakataa. Nilimwambia, "Shemeji, injini tutaipata hata kwenye mashine ya kuondolea theluji. Tuanze na vile ambavyo vikifa hatuna pa kuvinunua." Kwa maoni yangu vitu hivyo ni viwili, bodi na giaboksi. Fremu ningeiweka ya tatu, lakini kuchomelea chuma ndiyo kazi inayonilisha, na bomba lililooza naweza kulikata na kuweka jingine. Basi nimeandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji masharti mawili ambayo wote wawili tumeyakubali: gharama zote pamoja na bei ya kununulia zisizidi dola 2,500, na uamuzi wa kulijenga upya au kuliacha utolewe siku ya vunja jungu, kwa sababu Ramadhani inatarajiwa kuanza tarehe 1 Machi na sitaki kuingia mwezi huo nikiwa na mkokoteni wa matumaini gerejini.

Jambo moja zaidi kabla sijalala. Mkulima alimweleza shemeji kwamba kwa miaka mingi gari lilikaa nje, nyuma ya banda, limepinduliwa kifudifudi ili mvua isijae ndani. Shemeji aliliona hilo kuwa jambo la busara, na mimi pia, maana hata kwetu Pangani, pwani ya Tanzania, mtumbwi usiotumika hupinduliwa.

Jumapili, 12 Januari

Siku nzima ni usafi. Nimetoa viota viwili vya panya, debe zima la matope makavu, plagi saba zilizotupwa chini ya kiti na kijiko cha chai. Rangi ya bodi ni manjano, iliyokoza vizuri kwa juu. Tumboni imepauka hadi kuelekea weupe. Nadhani ni mikwaruzo ya mawe na matope.

Jumamosi, 18 Januari

Injini haikuwa swali na sitaikalia. Si ile iliyotoka kiwandani. Mtu aliwahi kuweka ya mipigo minne kutoka kwenye mashine fulani ya shamba. Nimesafisha kabureta, nikabadilisha plagi na bomba la petroli, ikawaka katika mvuto wa tano na kutoa moshi wa buluu. Inakula oili, lakini inavuta. Shemeji alifurahi kana kwamba gari limekwisha kupona, akapiga video na kuituma kwa ndugu zake wote.

Jumapili, 19 Januari

Leo nimetafuta jibu la swali ambalo watu wengi huliruka: hii ni plastiki gani? Magari ya kizazi hiki yana bodi za aina mbili hasa. Nyingine ni za ABS, plastiki ngumu ambayo asetoni huilainisha, na kwa hiyo ufa wake huzibwa kwa uji mzito wa vipande vya plastiki ile ile vilivyoyeyushwa ndani ya asetoni. Uji ukikauka, kiraka na bodi vinakuwa kitu kimoja. Nyingine ni za polietilini nzito, jamaa ya madumu ya mafuta ya kupikia, ambayo haijui gundi. Uipake gundi yoyote ya dukani, baada ya wiki utaibandua kwa ukucha kama ukoko wa wali. Njia yake ni kuichomelea kwa hewa ya moto ya karibu nyuzi 300, kwa kutumia ujiti wa plastiki ya aina hiyo hiyo, na hata hivyo inataka mkono uliozoea.

Kipimo ni rahisi na kinafanyika mezani. Nilikwangua kwa kisu chepesi ukingo wa ndani wa bodi, nikapata uzi uliojikunja kama ganda la chungwa, nao mkononi una utelezi wa mshumaa. Nikautia kwenye kikombe cha maji. Polietilini ni nyepesi kuliko maji na huelea. ABS ni nzito kidogo na huzama. Uzi ulizama kwanza, na moyo wangu ukaruka, kumbe ncha yake ilikuwa imenasa kwenye sukari iliyobaki chini ya kikombe. Nikabadilisha kikombe, nikaongeza tone la sabuni ili maji yaushike vizuri, nikauzamisha kwa kidole, nao ukapanda juu mara moja. Nikapaka asetoni sehemu ya ndani isiyoonekana, nikasubiri dakika kumi: haikunata wala haikubadilika. Ni polietilini. Hiyo ni habari ya kati na kati, kwa sababu kuziba ni kugumu, lakini plastiki hii ni shupavu, hujikunja badala ya kuvunjika, mradi haijazeeka.

Jumamosi, 25 Januari

Nimeitoa fremu yote. Nilitegemea mabaya, maana kwa kawaida maji yanayobaki tumboni mwa bodi ndiyo yanayokula mabomba ya chini, kimya kimya, mwenye gari asijue hadi giaboksi ishuke upande. Nimegonga kila bomba kwa ncha ya bisibisi. Pametoboka mahali pamoja tu, nyuma kushoto, ambapo matope yalikuwa yameshindiliwa kwenye kona. Pengine pote kutu ni ya juu juu na chuma kinalia kwa sauti ya uzima. Yule mkulima alikuwa na akili. Gari lililokaa nje miaka yote hiyo likitazama juu lingekuwa na fremu ya kupukutika kama biskuti.

Chuma cha kurekebishia: dola 120.

Jumamosi, 1 Februari

Giaboksi ndiyo niliyoiogopa kuliko vyote. Kwa umbo lake ni ile ambayo mafundi wa magari haya huiita T-20, iliyobuniwa na Borg-Warner na kutumiwa na zaidi ya mtengenezaji mmoja wa magari ya magurudumu sita. Ndani yake ndimo kuna siri yote ya gari, kwani haigawi tu nguvu za injini kwa kasi tofauti bali huzigawa kwa pande mbili, kushoto na kulia, kila upande ukitii mkono wake. Ikifa, gari halina namna ya kugeuka, wala hakuna kitu cha kawaida cha dukani cha kuweka mahali pake.

Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo ni dalili ya maji. Shemeji alisimama kimya, mikono mfukoni. Nikafungua mfuniko, nikasafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya kupakia rangi, jino baada ya jino, kwa saa mbili. Meno ni mazima. Kuna alama za kutu kwenye meno matatu, ambazo ukipitisha ukucha huzisikii, na karatasi laini ya msasa imeziondoa. Mikanda ya ndani inayobana ngoma imelika na lazima ibadilishwe. Beringi za ndani zinazunguka bila kukwaruza.

Kisha tukafanya jaribio ambalo ningependa kila anayefikiria kununua gari la namna hii alifanye kabla hajatoa pesa. Nilizungusha puli ya kuingizia nguvu kwa mkono, polepole, na shemeji akashika mikono miwili. Mikono yote ikiwa mbele, shafti zote mbili za kutoka zilizunguka sawia. Nikamwambia avute wa kushoto. Shafti ya kushoto ilipunguza mwendo, ikasita, ikasimama. Ya kulia ikaendelea. Akauachia, ya kushoto ikaanza tena kwa mshtuko mdogo unaosikika kama mlango wa kabati unaofungwa. Tukarudia upande wa pili, ikawa vivyo hivyo. Nimempata fundi mmoja huko Ohio anayezikarabati giaboksi hizi, naye ananitajia dola 450 kwa mikanda, gasketi na sili, yaani mipira ya kuzuia uvujaji.

Nilikuwa nimeshajiandaa kuandika leo kwamba kazi imekwisha. Badala yake nimeandika ukutani "giaboksi: nzima", na shemeji amechora nyota pembeni.

Jumapili, 9 Februari

Theluji imetufungia ndani, basi nimepima cheni. Cheni mpya ya saizi hii, yenye hatua (umbali kati ya pini na pini) ya milimita 15.875, ina urefu wa milimita 190.5 kwa pingili 12. Ile ya mbele kushoto imefika 193, yaani imerefuka kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Ya nyuma kulia ni 197, zaidi ya asilimia 3, na hapo ndipo cheni ya kawaida hutupwa kabla haijaanza kuruka meno. Nitazibadilisha zote, maana cheni mpya na kuukuu katika gari moja huvutana. Dola 310.

Ekseli ni sita fupi, kila moja ina beringi ya ndani na ya nje, jumla 12, na kila beringi ina sili yake. Zile mbili zilizokwama zimeota kutu hadi gololi zimegandana. Shemeji aliuliza kama hatuwezi kubadilisha nne mbovu na kuziacha nane. Kwa gari la nchi kavu ningekubali, lakini hapa nilichukua kalamu na kumwonyesha hesabu.

Tumbo la bodi, kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, lina urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90, yaani mita za mraba 1.8. Kila sentimita moja ya tumbo inayozama inasukuma lita 18 za maji, na kwa hiyo inabeba kilo 18. Gari lenyewe nalikadiria kilo 320 likiwa na petroli, watu wawili kilo 160: jumla 480. Matairi sita, yakizama kiasi, yanasaidia kama lita 20 kila moja, yaani kilo 120. Zinabaki kilo 360, ambazo ukizigawa kwa 18 unapata sentimita 20. Gari litazama sentimita 20, na matundu ya ekseli yako sentimita 12 tu kutoka chini. Kwa hiyo matundu yote sita yatakuwa sentimita 8 chini ya maji muda wote wa safari. Sili moja ikivujisha glasi moja kwa dakika, kwa saa moja umeingiza lita 15, na maji hayo hayatulii mahali pamoja; hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, jambo ambalo kila mwanamaji wa dau hulijua na ndiyo maana hakosi mtu wa kukumba maji kwenye ngama, chini tumboni mwa chombo. Ukichanganya na maji ya Aprili ya huku, ambayo barafu yake imeyeyuka wiki iliyotangulia, hutaki kupunguza senti kwenye sili.

Shemeji akasema, "Basi nimeelewa, shemeji. Nunua zote." Beringi na sili: dola 372.

Jumatano, 12 Februari

Nimejumlisha. Ununuzi 400, chuma 120, giaboksi 450, cheni 310, beringi na sili 372, vipuri vya injini 90, matairi sita 570. Jumla 2,312. Chini ya mpaka wetu kwa dola 188, na bodi haijaguswa. Nilimpigia shemeji usiku kumwambia, na sijawahi kumsikia akicheka vile tangu harusi yetu.

Jumamosi, 15 Februari

Jaribio la maji. Wazo langu ni kwamba badala ya kuliweka gari majini na kutafuta yanakoingilia, nitayaweka maji ndani ya gari na kutazama yanakotokea. Niliikalisha bodi tupu juu ya magogo manne na mbao pana ili tumbo lisibonyee, nikaziba matundu ya ekseli kwa mpira na vibati vilivyokazwa kwa bolti, kwa sababu leo naihukumu plastiki peke yake. Bomba la nje limefungwa tangu Novemba kwa ajili ya baridi, kwa hiyo maji yalitoka jikoni kwa ndoo, lita 180, za kutosha kujaza sentimita 10, na ndani yake nilichanganya rangi ya buluu ya kutia nguo. Mama watoto alinitazama nikipita na ndoo ya kumi na tatu akaniuliza kama nimeanza kufuga papa.

Chini nilitandaza magazeti. Nililala chali juu ya ubao na tochi kichwani, nikasubiri.

Dakika tano za kwanza yalitokea matone niliyoyategemea, kwenye matundu matatu ya skrubu za zamani. Hayo ni ya kuziba kwa jioni moja. Dakika ya kumi na tano nikasikia tone likianguka kwenye gazeti upande ambao sikuwa nautazama. Nilijiburuta hadi pale, kwenye mkunjo ambapo tumbo linapanda kuwa ubavu wa kushoto, nikaona vitone vidogo vya buluu vimejipanga kwa mstari, kama jasho kwenye paji la uso. Nikavifuta kwa kitambaa. Vikarudi. Nilipofuata mstari ule kwa tochi iliyolazwa ubavu, nikauona ufa mwembamba kama unywele, urefu wa sentimita 60, na kuuzunguka kuna utando wa nyufa nyingine ndogo zaidi zilizokutana na kuachana kama udongo wa jaruba lililokauka. Nikapeleka tochi upande wa kulia. Huko hapajavuja bado, lakini utando ni ule ule. Tumbo zima ni hivyo.

Ndipo nilipoikumbuka ile rangi iliyopauka. Mawe hukwaruza kwa mistari. Weupe huu hauna mistari, umeenea sawasawa, na ukipitisha kidole unabakiwa na vumbi jeupe kama la chaki. Ni jua. Tumbo la gari hili, ambalo katika maisha ya kawaida lisingeliona jua kamwe, lilitazama mbingu kwa miaka yote lilipokuwa limepinduliwa nyuma ya banda. Ingekuwa plastiki nyeusi, masizi yanayochanganywa ndani yake yangeikinga. Manjano haina kinga hiyo. Mkulima aliiokoa fremu na giaboksi kutokana na mvua, na kwa tendo lile lile akaichoma bodi. Hata Pangani mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa madau, hakuupindua mtumbwi bila kuutafutia kivuli cha mwembe au kuufunika makuti, na mimi nililiona hilo utotoni mara mia nisiulize sababu.

Mama watoto anataka kujua ni lini sakafu ya gereji itaacha kuwa buluu.

Jumamosi, 22 Februari

Ufa wenyewe haujanifanya nikate tamaa; ufa huchomelewa. Swali ni kama plastiki iliyobaki pembeni yake itaushika mchomeleo. Nimekata vipande vya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 15, vingine kutoka bodi ya juu ambayo haikuona jua, vingine kutoka tumboni. Nusu ya vipande nilivikata katikati na kuviunga kwa hewa ya moto na ujiti wa polietilini, kisha vyote nikavibana kwenye jiriwa kimoja kimoja na kuvikunja kwa koleo.

Kipande cha juu kilichoungwa kilikunjika hadi kikawa herufi U, na mchomeleo ukabadilika kuwa mweupe lakini haukuachia. Cha tumboni kilichoungwa kilikatika kabla hata hakijafika robo ya njia, na hakikukatikia kwenye mchomeleo, bali nusu sentimita pembeni yake, kwa mlio mkavu kama wa kijiti. Nikakunja cha tumboni ambacho hakijaungwa, upande uliopigwa na jua ukiwa nje: kikapasuka vile vile. Nikakunja kingine, upande wa jua ukiwa ndani: hicho kilikunjika mbali zaidi kabla ya kufa. Maana yake ni kwamba ugonjwa uko kwenye ngozi, na nyufa zinaanzia huko kuingia ndani. Nikajaribu kukwangua ngozi hiyo, nusu milimita kati ya 4.5 zilizopo. Kilikwenda mbali kidogo kuliko cha kwanza, kikapasuka.

Shemeji alikuja jioni nikampa vipande avikunje mwenyewe, kwa sababu nilitaka mikono yake ijue na si masikio tu. Alivunja vitatu. Kisha akasema, "Si tuupake lami, shemeji? Au tukalafati kama mnavyofanya kwenu?"

Nilimjibu kwa urefu, na hapa nafupisha. Kalafati huziba nafasi kati ya ubao mzima na ubao mzima. Fundi akikuta ubao uliooza hautii pamba, anaung'oa na kupigilia mwingine. Bodi hii ni ubao mmoja, mwanzo hadi mwisho. Lami na resini ya nyuzi za kioo hazishiki kwenye polietilini. Kipo kipande cha plastiki nzito ambacho watu hukifunga kwa bolti chini ya tumbo la magari haya, lakini hicho ni cha kukinga mawe, nacho huja na matundu yake mengi ya bolti, kwa hiyo kingeongeza njia za maji badala ya kuzipunguza. Inabaki kutengeneza tumbo jipya la bati la alumini la milimita 3. Hilo naliweza. Mita za mraba 4 zina uzito wa kilo 32 hivi, unaovumilika, na gharama yake pamoja na gesi na nyaya za kuchomelea ni kama dola 900. Jumla ingefika 3,212.

Alitazama ukuta, akatazama chaki.

Ijumaa, 28 Februari

Vunja jungu. Nyumba imejaa harufu ya pilau, watoto wa pande zote mbili wako chini wanapigana mito, na mimi na shemeji tumetoka kwa muda gerejini kutimiza tulichoandikiana.

Alikuja na hoja yake, nayo haikuwa ya kijinga. Kwamba dola 712 za ziada, tukizigawana, si mwisho wa dunia, na kwamba gari jipya la aina hii linagharimu mara nyingi kuliko hizo zote. Nilimwambia kwamba ningekubali kama tatizo lingekuwa pesa tu. Tumbo la alumini linahitaji kuungana na bodi ya juu ya plastiki kwa mshono wa mita sita na zaidi, wa vitu viwili ambavyo hurefuka na kufupika tofauti kwa joto na baridi, katika nchi ambayo Januari na Julai yake ni dunia mbili. Mshono huo sijawahi kuufanya. Ningeweza kuujaribu kwa kuujifunza, kwenye kitu ambacho kikishindwa kinakuangusha matopeni. Hiki kikishindwa kinamwangusha yeye na wanawe katikati ya bwawa.

Alinyamaza, kisha akachukua kitambaa akaifuta ile namba 2,500 ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Bodi hii hatuijengi. Zaidi ya plagi na bomba la petroli, hatujaagiza kipuri chochote. Tulichotumia hadi leo ni dola 461, pamoja na rangi ya nguo. Fremu nitaichomelea bomba lile moja na kuipaka rangi ya kuzuia kutu. Ekseli zimefutwa, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye magunia. Giaboksi nimeijaza oili mpya hadi juu, tumeiviringisha kwenye blanketi kuukuu na kuilaza kwenye rafu ya chini, nayo itakaa hapo mwaka mmoja. Ikipatikana bodi nzima kwa dola zisizozidi 600 tutaendelea. Isipopatikana, giaboksi itauzwa kwa mtu mwenye bodi.

Tulikuwa bado tunanawa mikono ili tukale pale simu ya shemeji ilipolia. Mtu wa Michigan ana gari kama hili, halina injini wala giaboksi, limekaa nje tangu baba yake alipofariki, naye anataka dola 350 tu aondolewe uchafu uani. Shemeji alinikabidhi simu bila kusema neno. Nilimsalimia yule bwana, nikampa pole ya baba yake, kisha nikamwomba atoke nje akanitazamie kitu kimoja tu: limelala chali au kifudifudi?